Samaki Aliyebadilisha Kichwa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni. Mtu amewahi kazini maisha yake yote, siku anaporuhusiwa kuchelewa ndiyo mnamkabidhi saa. Nimeitundika jikoni, inasimamia maharage.

Sasa mmeniletea ombi jingine, niandike kumbukumbu za maabara ili vijana wajifunze. Vijana wenyewe ndio nyinyi, na mnavyopenda kusoma tunajuana. Lebo ya kichupa mnaisoma damu ikishamwagika. Lakini mmeomba kwa adabu, tena kwa soda moja ambayo tuliizungumza mpaka zikawa mbili, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitagusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaounung'unikia nyinyi.

Nimezaliwa Kilwa Kivinje, mtoto wa mkaanga samaki. Marehemu mama, Bi Zuhura, alikuwa ananichukua mnadani kabla ya shule nimshikie ndoo. Pale nilijifunza hesabu ambayo mwalimu hakuwa nayo: samaki unamhesabu wakati anatajwa bei, na unamhesabu tena akishaingia kwenye ndoo, kwa sababu kati ya hesabu hizo mbili samaki aliyekufa tangu jana anaweza kutembea. Dalali wa mnada alikuwa Shamte, kijana wakati huo, mwenye sauti ya kusikika mpaka wodini kwenye hospitali ya jirani, na wodi haikuwa imeiomba. Mazoea yake yalikuwa kumsogelea mnunuzi pua kwa pua na kumtangazia fungu la samaki tasi kana kwamba mwenzake ni kiziwi. Mama alimjibu kwa sauti ya chini na bei ya chini zaidi. Huyu Shamte mshikeni, nitamhitaji mbele.

Maabara nilipokelewa na Mzee Chitanda, Mmwera wa Nyangamara, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Darubini yetu ilikuwa ya jicho moja, na kioo kidogo chini yake cha kunasia jua la dirishani. Jua likiingia mawinguni, malaria nayo ilipumzika, wagonjwa wakasubiri. Nyinyi umeme ukikatika dakika tano mnaandika barua.

Siku ya kwanza Mzee Chitanda alinipa mkono wake mwenyewe niutoe damu. Nikautazama mshipa, nikachoma, nikakosa. Nikautazama vizuri zaidi, nikakosa vizuri zaidi. Hakulalamika. Alisema mshipa unatafutwa kwa kidole. Jicho ni la kumtazama mgonjwa usoni, ujue ataangukia upande gani. Nilipopata, akajibana pamba, akaniagiza nihesabu vichupa mbele ya mgonjwa, kisha nivihesabu tena akishaondoka. Nikamwambia hilo nimefundishwa mnadani. Akasema basi wewe hukuja kujifunza kazi, umehama tu soko.

Miaka ikaenda na malaria, na kichocho, na ile taifodi ambayo watu wetu wanaipenda kuliko ndugu zao. Ukimwambia mtu hana taifodi ananuna, anakwenda kupima kwingine mpaka apewe. Mzee Chitanda alistaafu, akaniachia uzi wa miwani na desturi ya kunyamaza mgonjwa anapojisifu. Uzi ninao bado. Desturi ilinishinda.

Kisha ikaja korona. Kwanza tuliambiwa iko mbali, halafu tukaambiwa haipo, halafu watu wakaanza kufariki kwa "changamoto ya upumuaji", kana kwamba kupumua ni somo na marehemu amefeli. Mji mzima ukanuka mwarobaini na mchaichai. Mimi mwenye cheti cha maabara niliingia chini ya blanketi na sufuria la nyungu kama wenzangu, nikatoka nimeiva, sijapona.

Shamte naye akalala. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwapigia watu kelele puani, ajabu ni kwamba alichelewa. Mnada ukaendeshwa kwa kunyoosha vidole, na kwa mara ya kwanza wodi ikalala usingizi. Alipoinuka, sauti ilirudi imekwaruzika lakini ilirudi. Asiyerudi ni shemeji yake, Mwajuma, mdogo wa mkewe. Alikuja kumjulia hali Shamte, akakaa mkekani kutwa nzima kama desturi inavyotaka, akashika mkono wa kila aliyeingia, akaondoka na homa. Haukupita muda tukamzika. Dada yake, Bi Somoe, mke wa Shamte, hakulia kwa sauti. Alikaa na kanga ya Mwajuma magotini, anaikunja, anaikunjua.

Chanjo ilipofika, watu walikuwa na habari zake nyingi kuliko sisi tulioipokea. Inagandisha damu, inafunga uzazi, inamgeuza mtu sumaku vijiko vinamnasa. Shamte alikuwa wa kwanza mtaani kwao. Akauliza bei. Kusikia ni bure, akashuku mali: akakiomba kichupa, akakigeuzageuza kwenye mwanga kama anayeangalia jicho la samaki limefifia au bado. Kisha akasema kama ni bure kweli, apewe mbili. Akapewa moja. Ya pili aliipata zamu yake ilipofika, akatangaza sokoni kwamba mwishowe tumekubali bei yake. Bi Somoe alichanjwa naye, na kwa sababu ya ugonjwa wake aliongezewa ya tatu. Ugonjwa huo nitaueleza hivi punde.

Hapo ndipo alipokuja Dokta Neema, binti wa bara, mdogo kwa umri kuliko viatu vyangu vya kazini, na utafiti wake. Alitaka kujua jambo jepesi kulitamka. Waliougua, waliochanjwa, na waliopata vyote viwili: damu zao zitakikumbuka kirusi kwa muda gani? Na kirusi kikibadilika, zitakitambua, au zitakipa shikamoo kipite? Maana damuni mna kingamwili, vitu vidogo visivyoonekana hata kwa darubini yetu mpya, ambavyo hukinasa kirusi kabla hakijaingia ndani ya chembe za mwili kufanya makazi. Kazi yetu ilikuwa kutoa damu kila baada ya miezi michache, kuizungusha mashineni mpaka maji yake ya njano yakae juu, kuyagandisha na kuyapeleka Dar. Huko yanakutanishwa na kirusi cha zamani na vile vipya, ionekane nani anamzuia nani.

Dokta Neema kazi yake aliijua, nasema bila kinyongo. Ila kumwomba mtu wa Kivinje damu, hapana. Alianza kwa kusoma karatasi ya ridhaa neno kwa neno. Alipofika katikati, mtu alikuwa ameshapokea kipande cha sabuni tulichotoa kwa asante na kuondoka. Ikabidi aniachie mimi mdomo, yeye abaki na elimu. Mtu akikaa, jambo la kwanza anauliza damu hiyo inakwenda kuuzwa wapi. Namwambia damu yake akiipeleka sokoni hata paka hatainunua, maana imejaa chai. Anacheka, nusu ya kazi imekwisha. Dokta alihitaji vichupa viwili. Mimi nilianza na vinne. Mtu anasema kimoja, mimi nasema vitatu vyembamba, tunakutana kwenye viwili, anaondoka ameshinda. Dokta akaniuliza kama huo ni uungwana. Nikamwambia kila neno la karatasi yake nimelieleza, ila karatasi haikuwa na raha.

Usafiri nao ni somo. Kisanduku cha barafu tulikipakia kwenye basi la Dar pale Nangurukuru. Kondakta akataka kukirusha juu na magunia. Nikamwambia ndani kuna damu za watu. Akakishusha taratibu, akakiweka mbele karibu na dereva, na abiria wawili wakahamia nyuma kwa hiari yao. Tangu siku hiyo kisanduku chetu kilipata kiti kuliko wajawazito. Ila vichupa nilivihesabu kabla ya kukifunga, na nikapiga simu kule kuvihesabisha kinapofunguliwa. Barabara hii naijua.

Majibu ya Shamte yakaja mazuri kupita kiasi. Aliugua, kisha akachanjwa, na mwili uliofundishwa mara mbili ulikuwa umetengeneza kingamwili za kujaza ndoo zote za mnada. Dokta Neema akafanya kosa la kumpongeza. Kesho yake Shamte alitangaza sokoni, katikati ya kuuza pweza, kwamba ana kinga ya kula na kusaza. Barakoa akamvalisha mbuzi wake. Nilimwonya kwamba majibu ni ya siku aliyotoa damu, si hati ya kiwanja. Akaniambia wivu ni ugonjwa, nijipime.

Majibu ya Bi Somoe yalikuwa karibu na hakuna. Nilidhani nimebadilisha lebo, nikavirudia vichupa vyote. Lebo zilikuwa sawa. Damu ya mara ya pili ikasema vile vile. Ndiyo hapa ugonjwa wake unapoingia: Bi Somoe ana maradhi ya viungo ya aina ile ambayo kinga ya mtu inamgeukia mwenyewe, inamla vidole. Vidonge anavyotumia vinaituliza kinga hiyo, na vidonge havichagui. Vinailaza inayomdhuru na ile tuliyokwenda kuiamsha kwa sindano. Chanjo tatu zilibisha hodi kwenye nyumba ya watu waliolala.

Dokta aliwaambia wote wawili, polepole, mara hii bila karatasi. Korona ikiingia ndani ya nyumba yao, Shamte atakohoa. Bi Somoe tunaweza kumzika. Bi Somoe akaitikia kwa kichwa.

Siku chache baadaye akaja maabara. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, binti Zuhura. Funga mlango."

Akaweka mezani wembe mpya ndani ya karatasi yake, na bakuli lenye maini ya kuku ya kuchoma. Nikamwuliza kama amekuja kupima au kufungua genge. Hakucheka. Akafungua kifungo cha shati akanionyesha kovu dogo kifuani. Ujanani alichanjiana udugu na mkulima wa korosho kutoka bara ya Lindi, mtu aliyekuja pwani kuuza mzigo wake akalala kwao. Walichanjana kifuani, kila mmoja akapaka damu yake kwenye kipande cha ini, mwenzake akala. Tangu hapo la huyu ni la yule, shida na neema. Sasa, akasema, mke anashindwa nini na mkulima wa korosho?

"Kinga ninayo nyingi, mmesema wenyewe. Yeye hana. Damu mlipotaka sikuwanyima. Leo nataka mimi. Nichanje kwa wembe safi, kitaalamu, nimpe nusu."

Nikamwuliza hiyo nusu tutaipima na nini.

"Basi robo."

Vijana, nilimjua Shamte tangu nashika ndoo. Hajapata kushusha bei kabla mnunuzi hajafungua mdomo. Hapo nikaelewa alivyoogopa, na mzaha niliokuwa nimeuandaa nikaumeza. Haukuwa mdogo.

Nikamwita Dokta Neema. Sifa yake moja ambayo haimo kwenye cheti: hakucheka wala hakukunja uso. Alivuta kiti, akauliza habari za yule mkulima, kama yu hai. Yu hai. Kisha akaeleza kwamba damu inayopita kwenye chale haibebi kinga ya kutosha hata kumlinda panya, ila maradhi mengine inayabeba vizuri sana. Mahospitali makubwa yamewahi kuchukua maji ya damu ya waliopona na kuwapa wagonjwa. Si jambo jepesi, na faida yake ilikuwa ya kubishaniwa. Kisha akafika kwenye lile lililomuuma mzee kuliko wembe. Majibu mapya yalikuwa yamerudi kutoka Dar. Maji yake ya damu yamekutanishwa na kirusi kipya kinachokuja, na kingamwili nyingi zimeteleza, hazikushika.

Shamte akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mzigo wake umeoza, kama mali yake imeharibika. Dokta akasema haijaharibika. Kwanza imepungua, maana kingamwili hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ndivyo mwili ulivyo, hauweki walinzi mlangoni milele. Pili, zilizobaki zimezoea sura ya kirusi cha kwanza. Kingamwili zinakishika kirusi kwa nje, kwenye vile vichomozi vyake, na hapo ndipo kilipobadilika.

Mzee akainamia bakuli. Halafu akaanza kuzungumza na maini.

"Mgeni mnadani anamjua samaki changu kwa kichwa. Mkate samaki kichwa, mgeni utamwuzia hata papa."

Dokta akasema ndivyo hasa, kirusi kimebadilisha kichwa.

"Lakini mama yake huyu," akaninyooshea kidole, "alikuwa hadanganyiki. Alimjua samaki kwa nyama. Hata minofu mitupu."

Nikaona Dokta Neema anatafuta kalamu. Akamwambia mwilini wako kina Bi Zuhura pia, chembe nyingine za kinga zinazokijua kirusi kwa nyama yake ya ndani, ambayo haibadiliki upesi kama kichwa. Hao hawamzuii mwizi kuingia, ila wakimkuta ndani wanamkamata kabla hajamaliza nyumba. Ndiyo sababu mtu aliyechanjwa anaweza kuugua tena na akainuka. Na mwili ulioonyeshwa vichwa tofauti tofauti hujifunza kukisia kinachofuata. Kwa hiyo aache kutamba, akaongeze chanjo.

"Na Somoe? Kina Zuhura wake?"

Dokta akasema wapo, lakini wengi wamesinzia kwa vidonge, hawezi kuwaahidi. Shamte akauliza itakuwaje mke akiacha vidonge. Akajibiwa vidole vitakunjika kwa maumivu, na kinga haitakuja kesho yake. Kwa hiyo hakuna njia, akasema Shamte. Dokta akasema ipo. Yeye hawezi kujengewa kinga ndani, ajengewe nje: kila anayeingia kwake awe amechanjwa karibuni, asiwe na kikohozi wala homa, afunike pua, madirisha yawe wazi. Wasiotimiza wasiingie mpaka wimbi la kirusi hiki lipite.

"Unaniambia nifungie watu mlango. Mgonjwa yumo ndani, na watu nawafungia mlango."

Kwetu mgonjwa asipojuliwa hali, aibu si ya wasiokuja, ni ya nyumba. Nyumba iliyofungwa ina siri au ina choyo, na Shamte ameishi kwa mdomo wa watu. Akachukua wembe wake, akatuachia maini. Tulikula na chapati. Maini hayakuwa na kosa.

Wimbi likafika kama lilivyoahidi. Asubuhi Shamte alikwenda mnadani, sasa amevaa barakoa, ile ya mbuzi ikiwa imestaafu. Jioni alikaa kwenye baraza ya nyumba yake, amefunga mlango, amefungua dirisha la chumba cha mkewe lililokuwa juu ya kichwa chake. Mtu wa kwanza kumjaribu alikuwa dada yake wa ukoo, Zainabu wa Singino, na kilo mbili za sukari na kikohozi. Nilikuwepo, nimekuja na sindano zangu. Shamte akamwuliza habari ya kikohozi.

"Vumbi tu la njiani."

"Na vumbi nalo litakaa nje."

Zainabu akageuka kunitazama, kisha akaitazama baraza. "Leo tumekuwa mbwa, Shamte? Tunasemeshwa dirishani?"

"Mbwa angekuwa ameshachanjwa."

Nilidhani ukoo umevunjika mbele ya macho yangu. Lakini Shamte hakumwacha aondoke. Alisimama, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaligeuzia dirisha uso bila kushusha barakoa, akatoa ile sauti ya mnadani, iliyokwaruzika, iliyowahi kunikosesha usingizi zamu ya usiku:

"Kuna Zainabu wa Singino! Amekuja kwa miguu yake, juani, kwa ajili yako! Sukari kilo mbili, salamu za nyumba nzima! Nani anapokea?"

Kisha kutoka ndani, sauti nyembamba: "Napokea. Mwambie Zainabu nimemwona kwa masikio."

Zainabu akakaa barazani, mwisho kabisa, akajipepea kwa ukaya wake wa kichwani. Alijitahidi kununa, akashindwa. Kesho yake akarudi, kikohozi kimepungua, amemleta jirani yake atangazwe naye.

Basi ikawa hivyo. Watu ambao hawajawahi kumjulia Bi Somoe hali tangu aolewe walikuja wasikie majina yao yakinadiwa. Aliyekuja na machungwa alitangazwa kwa machungwa, aliyekuja mikono mitupu alitangazwa kwa mikono mitupu, hivyo wa namna hiyo wakapungua. Waliotaka kuingia ndani wamshike mkono walionyeshwa masharti. Mimi nilipoona umati, nikamleta muuguzi wa hospitalini na kisanduku cha chanjo, tukakaa kivulini upande wa pili wa njia. Penye wateja hapachezewi. Watu waliotukimbia mwaka mzima walikunja mikono ya shati wenyewe, si kwa kuogopa kufa, bali kwa sababu Mwanaidi wa mtaani kwao, aliyechanjwa, ameruhusiwa kuingia na wao wamebaki nje. Elimu ya afya nimeifundisha miaka mingi kwa mabango. Kumbe ilikosa husuda tu.

Na baada ya kujenga ukuta huo wote, kirusi kikampata mjenzi. Asubuhi moja alikohoa katikati ya kuuza vibua. Akamkabidhi mwenzake mnada, akaja kwangu moja kwa moja bila kupita nyumbani. Nilimwingiza kijiti puani, tukasubiri. Mistari miwili: anayo. Nikaihesabu tena, ikabaki miwili.

"Sijaingia ndani tangu alfajiri," akasema. Hilo tu.

Alihamia barazani, chini ya dirisha la mkewe, na mkeka, na chandarua kilichotundikwa kwa misumari ya kukaushia pweza. Jirani aliwapikia, akamwekea yeye mwisho wa baraza, na Bi Somoe kizingitini. Kile kichwa kipya kilimpita mlangoni kama Dokta alivyosema, lakini ndani kikamkuta Bi Zuhura: homa ikampanda, ikamkalisha chini, na haikuchukua muda akaanza kugombana na jirani kuhusu kiasi cha sukari kwenye chai. Sauti ndiyo iliyokwenda. Wageni walikuja, hakukuwa na wa kuwanadi. Wakakaa ng'ambo ya njia wanamtazama, na yeye anawatazama.

Niwaambie kwanza mwisho wa vichupa, kwa sababu nyinyi mtauliza majibu kabla ya mtu. Damu niliyomtoa Shamte baada ya kupona ilivijua vichwa vyote viwili, na Dar wakasema inakijua kidogo hata kingine ambacho hakijafika kwetu. Ya Bi Somoe ilibaki tupu ile ile. Hivyo ndivyo vichupa vya mwisho nilivyozungusha kabla hamjanipa saa.

Kilichobaki vichupa havikukiandika. Ilikuwa alasiri, Shamte akiwa bado chini ya chandarua chake. Nilikwenda kumpima Bi Somoe. Nikaingia kwa mlango wa uani, nimejifunika mpaka nimefanana na mzigo. Shamte alinisikia ndani, akaacha hata kukohoa. Dirisha lilikuwa wazi, na nilijua anasikiliza.

Tukasubiri, mimi na Bi Somoe, kijiti kikiwa juu ya stuli kati yetu.

"Mstari mmoja, hana," nikasema kwa nguvu, nje wasikie.

"Hesabu tena," ikatoka ile sauti iliyopasuka, chini ya dirisha.

Nikahesabu tena. Mmoja.

Barazani nilisikia chandarua kikivutwa, na mtu akipenga kamasi zaidi ya mahitaji ya ugonjwa. Bi Somoe akainuka kwa kushika ukuta. Akajifunga kanga ya marehemu mdogo wake, akapaka mate kwenye nywele za kipaji cha uso, akasogea, akabaki hatua kadhaa nyuma ya nondo za dirisha kama alivyoagizwa. Mwanamke huyu miaka yote ya ndoa yake hajapandisha sauti. Katika nyumba ile haikuwahi kuwepo nafasi. Sasa akavuta pumzi.

"Kuna mume hapa barazani! Mzee, ana kikohozi, sauti imekwisha, kichwa ni kile kile! Nani ana bei?"

Ng'ambo ya njia watu wakatazamana. Zainabu wa Singino ndiye aliyepata ulimi wa kwanza: "Mimi simtaki hata kwa kuongezwa."

"Mara ya kwanza!"

"Nisifu kidogo, mama," akakwaruza Shamte kutoka chini. "Mali huuzwa kwa sifa."

"Mara ya pili!"

Akangoja. Alijua kungoja kuliko mumewe. Kibua wa jirani akaungua jikoni bila mtu kumgeuza.

"Basi hakupata mnunuzi," akasema Bi Somoe. "Anabaki kwangu. Lakini hapo hapo alipo, mpaka binti Zuhura amhesabie mstari mmoja. Tena mara mbili."